Rutibia za viwanda vidogo Marekani: zipi za kununua na zipi za kuziacha hapo hapo dukani

Wadau mlioko Marekani, au mnaokuja kutembea na mmeshachoka na soda zile zile za kopo, leo naongelea rutibia (root beer), na sio ile ya kopo ya supamaketi, naongelea zile za chupa za kioo kutoka viwanda vidogo ambazo wenyewe wanaziita krafti. Nimeshazinywa nyingi sana mpaka watu nyumbani wananishangaa, kuna zilizonifanya nirudi dukani siku hiyo hiyo na kuna zilizoishia funda la pili zikaenda kwenye sinki. Asiyetaka kusoma yote aondoke na hili moja: usinunue kwa picha ya mbele. Mbele wote wanakuambia mapishi ya babu, mapipa ya mbao, ng'ombe amesimama malishoni, sijui nini. Geuza chupa usome nyuma.

Kwa wasioijua, ni soda ya rangi ya kahawia iliyokolea, tamu, ina povu zito na harufu ya vitu vingi kwa pamoja, vanila, mizizi, viungo vya chai. Jina lina bia lakini kilevi hamna (kuna ambazo zina, nitazisema huko chini, msinywe kabla hamjafika). Zamani ladha yake kuu ilitoka kwenye gome la mizizi ya mti unaitwa sasafrasi, watu walikuwa wanachemsha nyumbani na hamira na sukari. Aliyeifanya biashara kubwa ni mfamasia wa Philadelphia, Charles Hires, aliitangaza kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1876, alikuwa anauza pakiti ya mchanganyiko mkavu unaenda kuchemsha mwenyewe unapata galoni 5. Sasa mwaka 1960 serikali ya Marekani ikapiga marufuku safroli, yaani yale mafuta ya kwenye sasafrasi, sababu wanyama wa maabara walipopewa walipata saratani ya ini. Kuanzia hapo kila kiwanda kikaanza kutafuta namna yake ya kuirudisha ile ladha, huyu anatumia sasafrasi iliyotolewa safroli, huyu anaegemea wintagrini, huyu anamwaga vanila, huyu likorisi (mzizi fulani mtamu) na molasi (sirapu nyeusi ya miwa). Ndo maana ukinywa kola kumi zinafanana lakini rutibia kumi kila moja ina lake, na ndo maana mimi nikanogewa.

Wintagrini ndo inayowashinda wengi wetu. Ni kijani fulani chenye harufu kali ya kupoza, na mafuta yake ndo hayo hayo yanayotiwa kwenye dawa za kuchua misuli. Nilimmiminia shemeji yangu glasi, amekaa vizuri, ananusa kwanza kama mtaalamu, kapiga funda moja akaiweka mezani taratibu akasema "shem, hii si ya kunywa, hii nipake mgongoni." Tulicheka sana lakini ana hoja, kama umekulia nyumba ambayo harufu hiyo ni ya bibi anayeumwa miguu basi ubongo wako unagoma kuiita soda. Dawa yake ni kuanza na zile zenye vanila na asali nyingi, wintagrini inakuwa kwa mbali nyuma, ukishazoea ndo unapanda. Nilivyompa ya aina hiyo baadae alimaliza na kuomba nyingine, sasa hivi ndo ananimalizia friji.

Haya, nyuma ya chupa unasoma nini. Kwanza sukari: ya miwa, sirapu ya mahindi, asali, au vile vitamu visivyo na sukari. Ya miwa mara nyingi inapita kooni na kuondoka, sirapu ikiwa nyingi utamu unaganda kwenye meno hadi unatamani kupiga mswaki. Pili ladha, kama wameandika tu "ladha asilia na za kutengeneza" wakanyamaza basi jua unanunua uzuri wa chupa tu sio soda, wakitaja viungo kimoja kimoja hapo kuna mtu amekaa akafikiria. Tatu tafuta yuka au kwilaja, hiyo ni mimea inayotia povu, bila hivyo povu linapanda kwa kishindo na kupotea kabla hujafunga kizibo. Ila msichukue hii kama sheria ya Musa maana ninayoipenda kuliko zote inaivunja.

Nayo ni Sprecher, ya Glendale pale karibu na Milwaukee, Wisconsin. Kiwanda kilianzishwa 1985 na Randy Sprecher aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kikubwa cha bia, na hadi leo soda wanaipika kwenye masufuria makubwa yanayowashwa moto wa gesi, alafu wanatia asali mbichi ya Wisconsin. Ukisoma nyuma utakuta na sirapu humo humo, kwa hiyo kwa kanuni yangu ilitakiwa nifanye kuiruka. Lakini jamani. Imimine kwenye glasi utaona povu la rangi ya maziwa ya chai, limesimama, unakunywa nusu glasi bado lipo limeshika pembeni, na chini yake soda ni nzito inateleza, asali inakuja mwisho kabisa baada ya kumeza wakati unadhani imeshaisha. Chupa zake ni kubwa pia, wakia 16 badala ya 12 za kawaida. Tisa na nusu kwa kumi, hiyo nusu nimeikata sababu ya utamu, ni tamu kinoma, mbili mfululizo huwezi.

Virgil's ni ulimwengu mwingine kabisa. Hawa wanataja viungo vyao na ukisoma ni kama umeingia duka la pilau, kuna anisi, mdalasini, karafuu, kungumanga, vanila, likorisi, molasi, wintagrini. Povu lake la kawaida tu lakini harufu ukifungua inakupata kabla hujaisogeza mdomoni, na kila funda linakuja na kitu tofauti, mwanzo anisi, katikati vanila, ukimeza karafuu inabaki kwenye ulimi. Kwa mtu aliyezoea chai ya viungo hii ndo naona ni rahisi kuipenda, wa kwetu wengi niliowapa wameichagua hii. Maine Root nayo inatembea njia hiyo ya karafuu na anisi ila nyepesi, kavu zaidi, sukari yake ni ya miwa ya kilimo hai, ni ya kunywa na chakula, pizza au kuku wa kukaanga, haigombani na kitu.

Abita ya Louisiana hawa kimsingi ni kiwanda cha bia, rutibia yao ina sukari ya miwa ya huko huko Louisiana, vanila na ile yuka niliyosema, na povu lao linaonyesha. Ni laini, haina makali, wintagrini ndogo sana. Wanaoanza waanzie hapa. Boylan wao walianza 1891 huko Paterson, New Jersey, na soda ya mti wa betula, ambayo ni ndugu wa rutibia, na ule ubaridi wa gome unausikia hadi kwenye rutibia yao. Mimi naipenda joto likiwa kali, shemeji hataki hata kuiona.

Zilizonishinda sitazitaja kwa majina maana labda mwenzangu atazipenda. Kuna moja ina lebo nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, karatasi nene, maandishi ya dhahabu, ukinywa ni sirapu na maji ya gesi na vanila ya kutengeneza, harufu kama ya mshumaa. Nyingine ya bila sukari, mwanzo iko poa kabisa nikasema hii ndo yenyewe, sekunde chache baada ya kumeza ulimi unabaki na uchungu mtamu wa ajabu ambao hata maji hayauondoi.

Sasa kuzipata ndo kuna kazi na ndo kuna raha. Supamaketi za kawaida zinakuuzia pakiti ya chupa nne au sita, na wewe unataka moja moja uonje, kununua sita za kitu hukijui ni kujitafutia hasara. Cost Plus World Market wanauza chupa moja moja na huwa wana rafu nzima ya soda za namna hii. Rocket Fizz, yale maduka ya pipi na soda, nayo yana matawi majimbo mengi na huko utakuta soda nyingi tu za mzaha zenye ladha za kipuuzi, wewe pita nenda moja kwa moja kwenye rutibia. Ukiwa Los Angeles usiondoke bila kufika Galco's mtaa wa York, eneo la Highland Park, ni duka la familia lililoanza kama grosari ya Kitaliano, siku hizi ni soda mamia kwa mamia, rutibia zenyewe zina sehemu yake, nilisimama pale nimeduwaa kama mtoto. Na kama unaendesha gari kupita Oklahoma kwenye ile Route 66 ya zamani, pale Arcadia kuna Pops, huwezi kupotea maana nje wamesimamisha chupa ya soda yenye urefu wa futi 66 inawaka taa usiku, ndani ukuta wa kioo umepangwa chupa kwa rangi. Pops ina watalii wengi na kelele, ila chaguo lipo.

Watu wanasahau viwanda vidogo vya bia. Vingi vinapika rutibia yao kwa ajili ya watoto na wale wanaoendesha gari, inatoka kwenye bomba, haijawahi kuona chupa, na gesi yake ni ndogo laini sio ile ya kuchoma pua. Uliza tu kama wanapika wenyewe, wakisema wananunua basi agiza maji. Hii tabia ya viwanda vya bia kupika soda ni ya zamani, kipindi pombe imepigwa marufuku Marekani, 1920 hadi 1933, wengi walinusurika kwa soda.

Bei, chupa moja nimezoea dola 2 hadi 4, ikizidi hapo labda uwe uwanja wa ndege. Na majimbo kama Michigan na Oregon keshia anaongeza senti 10 za chupa, ukirudisha tupu unarudishiwa, msigombane naye. Angalia pia chupa imekaa wapi. Kuna kaduka ka zawadi pembeni ya barabara kuu nilinunua chupa iliyokuwa inapigwa jua dirishani, ina vumbi begani, kizibo kikafunguka bila hata kupumua, kimya, gesi hamna, nimelipa dola 5 ya maji ya sukari ya moto. Tarehe iko shingoni au kwenye kizibo, isome.

Kuonja, chukua watu watatu wanne mgawane, maana chupa moja ya wakia 12 nyingi zinakimbilia gramu 40 za sukari na zaidi, ukimaliza tatu mwenyewe usiku huo hulali. Usinywe imeganda, toa kwenye friji iache dakika kama tano hivi, baridi kali inaua viungo unabaki unasikia sukari tu. Anza na laini za vanila, malizia na zenye likorisi na molasi, ukigeuza hiyo ratiba zile laini zitaonekana maji. Kati kati kunywa maji, kula biskuti zisizo na sukari. Na ficheni lebo, aisee mtashangaa, anayejiapiza kwamba hawezi kunywa ya kopo ndo huyo huyo anaipa namba moja.

Sasa lile nililoahidi, na moja la nyongeza. Kuna rutibia za watu wazima zenye pombe kweli kweli, ile Not Your Father's iliyovuma sana 2015 ina asilimia 5.9, chupa yake imekaa kama soda nyingine tu na ladha ya pombe huisikii kabisa, kwa hiyo kwa wasiokunywa na kwa watoto soma asilimia kwanza. Alafu kafeini, rutibia nyingi hazina ila Barq's ya kawaida inayo, wanaonyonyesha na wanaokosa usingizi mjue.

Swali huwa linakuja, vipi na aiskrimu? Floti, yaani soda iliyotiwa aiskrimu, ni tamu, sibishi, ila usitumbukize aiskrimu ya vanila kwenye Virgil's, viungo vyote ulivyolipia vinazama humo huvisikii tena, tumia Sprecher maana ina uzito wa kuhimili, au hata ya kopo inatosha. Na mimina soda kwanza kidogo, tia aiskrimu, alafu ongeza soda pole pole pembeni ya glasi, ukitanguliza aiskrimu ukamwaga kwa haraka meza yote povu. Mwenye kuijua ya bila sukari isiyoacha ule uchungu wa nyuma aniambie, mama mkwe ana kisukari na ananing'ang'ania nimtafutie.