Bluey kwa mtoto anayeuliza alikotoka: inasaidia, ila kaa naye

Ukienda kibandani kujaziwa katuni kwenye flashi pale Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, mara nyingi unapewa folda zima bila kuchagua. Kwa katuni nyingi hilo halina neno. Kwa Bluey, chagua. Chagua hasa kama nyumbani kuna mtoto wa miaka 4 hadi 7 aliyeanza kuuliza watoto wanatoka wapi, na zaidi kama mtoto huyo alipatikana kwa upandikizaji (daktari hukutanisha yai na mbegu nje ya mwili, kisha huviweka ndani ya mama), kwa mbegu za mtu mwingine, au kwa kubebewa mimba na ndugu.

Bluey ni katuni ya Australia, inatengenezwa Brisbane, na ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018. Wahusika wakuu ni familia ya mbwa: baba Bandit, mama Chilli, Bluey na mdogo wake Bingo. Kila sehemu ina kama dakika 7. Ufupi huo ni faida kubwa, kwa sababu sehemu inakwisha mtoto akiwa bado na swali mdomoni, na wa kumjibu ni wewe uliyekaa naye.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini inaitwa Onesies. Dada yake Chilli, Brandy, anakuja kuwatembelea baada ya miaka kadhaa bila kuonekana. Amewaletea watoto mavazi ya wanyama. Bluey anahisi kuna jambo, anamuuliza mama yake kwa nini Brandy alikuwa haji. Chilli hamfukuzi wala hatungi hadithi. Anamwambia kwamba kuna kitu Brandy anakitaka kuliko vyote, na hawezi kukipata, na hakuna mtu anayeweza kufanya lolote. Basi. Katika jibu hilo neno "mtoto" halitajwi.

Hapo ndipo penye ubora wa sehemu hii na ndipo penye tatizo lake. Ubora ni kwamba mzazi kasema kweli, kasema kidogo, na hakumbebesha mtoto huzuni ya mtu mzima. Sisi tumezoea "tulikununua hospitali", jibu linaloanguka siku mtoto anapokwenda hospitali ya Maweni kumwona mama aliyejifungua na kukuta hakuna anayeuza watoto. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 5 hajui hicho kitu ni nini. Anaweza kudhani ni gari, au nguo. Simamisha picha hapo hapo umwambie: "Anataka mtoto, na mwili wake haujaweza kubeba mimba." Akiuliza mbona mama mdogo wa hapa nyumbani naye hana, jibu kwa sentensi moja na umwambie swali hilo huulizwa faragha, si mezani mbele ya wageni. Na kama huyo mama mdogo ndiye anayemlea mtoto wa ndugu, sema hivyo. Malezi ya namna hiyo ni ya kawaida kwetu, na katuni haiyagusi.

Dad Baby ni nyepesi zaidi. Bandit anavaa mbeleko ya kizungu, ile ya kifuani, anamweka Bingo ndani na kujifanya mjamzito. Anaelemewa, mwishowe "anajifungua" kwenye kibwawa cha plastiki uani. Disney hawakuiweka kwenye huduma yao ya kutazama mtandaoni nchini Marekani. Mwaka 2024 ikawekwa YouTube. Hatuoni sababu ya kumficha mtoto. Inafundisha kwamba mimba ni mzigo na kuzaa ni kazi. Ila lazima swali litoke: baba naye anazaa? Jibu: baba hana nyumba ya mtoto, yaani mji wa mimba, ule ulikuwa mchezo. Mtoto wetu amezoea kuona kitenge kikifungwa mgongoni, kwa hiyo mpe mto na kitenge aufunge tumboni, atembee nao mpaka jikoni na kurudi. Ataelewa haraka kuliko ukieleza.

The Sign, ya Aprili 2024, ni ndefu, dakika 28. Mwishoni Brandy anaonekana ana ujauzito, na hakuna anayeeleza umepatikanaje. Inafurahisha, lakini ndiyo sehemu inayotuachia kazi kubwa, kwa kuwa mtoto anabaki na somo kwamba ukitaka sana utapata. Si kila mtu hupata. Sema hivyo: wengine hupata wenyewe, wengine kwa msaada wa daktari, wengine hawapati.

Wazazi wengine hujaribu kuazima maelezo kwenye sizoni za wakubwa. Katika Friends, Phoebe anambebea mimba mdogo wake Frank. Viini vitano, yaani mayai yaliyokwisha kukutanishwa na mbegu, vinapandikizwa, wanazaliwa watatu. Wazo la kuazima hapo ni moja, na ni zuri: shangazi alibeba, baba na mama ndio waliokutengeneza. Hesabu ya vitano usiirudie, maana siku hizi madaktari hupendelea kupandikiza kimoja, kwani mimba ya watoto watatu huwa na hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Jane the Virgin, inayoanza na daktari kumwekea Jane mbegu kimakosa, si ya mtoto hata kidogo. Mzazi aitazame peke yake kwa sababu ya jambo jingine: Jane anamjua baba yake akiwa na miaka 23, na sizoni inaonyesha vizuri uchungu wa kuchelewa kuambiwa. Mtafiti Susan Golombok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifuatilia familia zilizopata watoto kwa mbegu au yai la mtu mwingine, au kwa kubebewa mimba, mpaka watoto walipofika miaka 20. Matokeo ya 2023 yalionyesha kuwa walioambiwa walivyopatikana kabla ya miaka 7 walikuwa na uhusiano mzuri zaidi na mama zao.

Kwa mtoto wa upandikizaji, maneno haya yanatosha: "Ndani ya mama kuna vijiyai vidogo mno, si kama vya kuku. Baba ana mbegu, si kama za chungwa. Vilishindwa kukutana, daktari akavikutanisha kwenye kichombo, kisha akakuweka ndani ya mama ukakua." Usiseme "tumboni" pekee, mtoto atadhani alikaa pamoja na ugali. Kama mbegu zilitoka kwa mtu mwingine, ongeza: "Mtu mwema alitupa mbegu, kwa kuwa za baba zilikuwa hazitoshi." Akirudia swali kesho, rudia maneno yale yale. Ukibadilisha, anajua kuna kitu kimefichwa.

Kibandani, omba ya sauti halisi, si iliyowekewa sauti ya mtafsiri. Katika Onesies kuna mahali Brandy anawatazama watoto bila kusema kitu, na mtafsiri mwenye mazoea ya kujaza kimya atapaharibu. Kiingereza chake ni chepesi, unaweza kumtafsiria mtoto mwenyewe huku mnatazama. Anza na Dad Baby, Onesies iwe siku nyingine mkiwa wawili tu, na The Sign ije baada ya mtoto kuuliza tena habari za Brandy.