Kulala kwenye hamoki bila kuganda mgongo: nunua hiki, kile achana nacho

Wengi wakitaka kulala kwenye hamoki, kile kitanda cha kitambaa cha kuning'inia kati ya miti, huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, iwe Kayenze au ng'ambo Ukerewe, wanakimbilia blanketi zito la kujifunika. Hela imepotea hiyo. Baridi ya hamoki inatokea chini jamani, maana joto linakaa kwenye hewa iliyonaswa ndani ya pamba, sasa ukiilalia inakuwa bapa kama chapati, hewa yote imetoka, na chini ya kitambaa upepo unapita tu. Nyuzijoto zikishuka chini ya 20 hivi, na usiku wa Julai Mwanza zinashuka kweli, kiuno kinaanza kulalamika.

Namba 1 kwangu: duveti la mtumba, linaning'inizwa chini ya hamoki kwa nje, usililalie. Wahi soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi, likunje kwenye ngumi halafu liachie, likifura haraka chukua, ukisikia mabonge rudisha. Mpe fundi cherehani apige pindo pande zile ndefu upitishe kamba, kisha ncha uzifunge na mpira wa kufungia mzigo kwenye pikipiki. Ligusane na mgongo ila lisibanwe, ukipitisha mkono ukakuta uwazi kaza mpira kidogo. Na mbu wanaong'ata kupitia kitambaa utakuwa umewamaliza, ila chandarua bado funga. Yapo maduveti ya kiwandani ya kufunga chini ya hamoki, ya manyoya ya bata, mepesi kweli, lakini yakishika unyevu yananywea na hayana joto tena, kwa hiyo kwa huku ziwani lililojazwa nyuzi za plastiki linakufaa zaidi.

Namba 2, mkeka wa yoga au foma ile ngumu isiyonyonya maji. Bei rahisi, haisumbui, tatizo nyembamba, mabega yanabaki nje yanapigwa baridi. Kama hamoki yako ina matabaka mawili, uchomeke katikati usihamehame. Lala kimshazari pia, mwili unanyooka.

Namba 3 ni kile kizuia jua cha kung'aa cha kioo cha gari. Kinakata upepo basi, na utatoka jasho, kiwe nyongeza tu.

Namba 4 begi la kulalia. Kama unalo tayari fungua zipu ujifunike, kulinunua kwa ajili ya hamoki peke yake sioni sababu.

Godoro la upepo liache kabisa dukani, linateleza usiku kucha, saa tisa unajikuta wewe huku lenyewe kule.

Hela ikibaki ongeza turubai. Mchana upepo unatoka ziwani lakini usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda majini, hivo upande wa kushusha hadi chini ni ule wa nchi kavu. Na jiko la mkaa usiliingize humo chini ya turubai hata kama umeganda vipi, ile hewa yake inaua na wala hainuki.