Single White Female: nimeiangalia tena na safari hii imenigusa zaidi

Muvi ni ya 1992, dairekta Barbet Schroeder, na nimeiangalia wiki hii mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nasubiri damu tu, vitu vingi vikanipita. Safari hii nikasema namfuatilia Hedy toka anaingia mlangoni.

Stori iko hivi, Allie (Bridget Fonda) anaishi New York, anatengeneza programu za kompyuta, kagundua mchumba wake Sam katembea na mtalaka wake, kamfukuza, alafu upweke ukamzidi akaweka tangazo la kutafuta mwanamke wa kushea naye fleti. Ndo anakuja Hedy, yani Jennifer Jason Leigh, mpole, ana aibu, unamhurumia kabisa. Analeta mpaka kambwa kadogo ili Allie asijisikie mpweke.

Sasa utamu wa hii muvi uko hapo, kwenye wema. Wanaenda saluni, Hedy anashuka ngazi na nywele zimekatwa vilevile kama za Allie, rangi ileile nyekundu. Angalia uso wa Bridget Fonda pale, anataka kutabasamu na tabasamu linagoma, na bado hana cha kusema maana amwambie nini mtu, usinyoe kama mimi? Nilisimamisha nikarudia mara mbili. Alafu Allie anafungua kabati la mwenzie anakuta nguo kama zake, mwili ulinisisimka jamani.

Mimi niliwahi kuwa na rafiki wa hivi, nikinunua kitu siku mbili hazipiti na yeye anacho, nikitoka na watu wengine ananuna wiki nzima, na kila nikitaka kuongea naona haya kwa sababu huyohuyo ndo alinishika mkono nilipokuwa kwenye shida. Waliotunga hii stori wanalijua hilo deni. Allie hanyamazi kwa ujinga, ananyamaza kwa sababu ametendewa mema.

Jennifer Jason Leigh alipata tuzo ya adui bora ya MTV 1993 na alistahili kabisa, ile sauti yake ya chini inakutisha kuliko angepiga kelele.

Kinachoniudhi ni mwisho. Wanaacha yale mambo ya ndani ndani wanaingia kwenye kukimbizana na kuuana, na Hedy wanampa sababu moja tu, pacha wake aliyekufa maji utotoni, basi kila kitu kimeelezwa. Mimi sijaridhika, yule mwanamke alikuwa na mengi zaidi ya hayo.

Ila muvi naipa nane kwa kumi na naisema kwa moyo wote. Ukiiangalia weka simu mbali, maana kuna mahali Sam ameacha meseji ya sauti kwenye mashine ya simu ya nyumbani kuomba warudiane na Hedy anaifuta kwa kubonyeza kitufe tu, kimyakimya, ukipepesa macho imekupita.