Mamdani na Cuomo: njia mbili ndani ya chama kimoja
Juni 2025, wanachama wa chama cha Democratic jijini New York walichagua mgombea wao wa umeya. Andrew Cuomo, gavana wa jimbo la New York aliyejiuzulu 2021, alinadi uzoefu, akiungwa mkono na wakongwe kama Bill Clinton na fedha za matajiri. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alisimama na seneta Bernie Sanders akizungumzia maisha ya kila siku: mabasi ya bure, malezi ya watoto bila malipo, na kodi ya pango isipande katika nyumba ambazo bei zake hudhibitiwa. Kuuliza fedha zitatoka wapi ni haki kabisa. Lakini kwa mpangaji anayehofia mwisho wa mwezi, naona Mamdani ndiye aliyemsikiliza. Alishinda kwa takriban asilimia 56. Novemba, katika uchaguzi wenyewe wa umeya, Cuomo alirudi kama mgombea binafsi, akashindwa tena.