Uzoefu wangu: ziara ya basi kutoka London (Windsor, Stonehenge na Bath kwa siku moja), na siku tuliyotembea wenyewe

Naandika hii kwa yeyote anayepanga kumpeleka mzazi wake Uingereza, maana mimi kabla ya safari nilitafuta sana mtu aliyeeleza kwa Kiswahili sikupata, nikaishia kulipia kitu nisichokijua vizuri.

Tulienda Oktoba, mimi na mama, tukafikia kwa dada yangu Barking, mashariki mwa London. Mama ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua, ila kutembea anapenda balaa. Alikuwa na haja mbili tu, kaburi la Malkia Elizabeth na kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Afrika. Hilo la pili ni kwa sababu yeye ni mzaliwa wa Bagamoyo, utoto wake wote amekua akipita pale misheni kwenye mnara ambao mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa kwao.

Basi kwa hilo la Malkia nikaona njia nyepesi ni ziara ya basi, unapanda asubuhi London wanakuzungusha sehemu tatu wanakurudisha usiku, zaidi ya pauni 100 kwa kichwa. Kampuni siitaji. Mtandaoni waliandika Windsor ndiyo anapozikwa Malkia, na ni kweli, amezikwa mle ngomeni kwenye kanisa la St George, Septemba 2022, pamoja na mume wake na wazazi wake. Ambacho hawakuandika ni kwamba Jumapili kanisa lile ni la ibada tu, watalii hawaingii. Na sisi walituuzia Jumapili! Tumeshapanga foleni, tumeshakaguliwa mabegi, tumeshapandisha kile kilima mama akishikilia mkono wangu, ndiyo tunaambiwa na mhudumu wa pale, kwa upole kabisa, kwamba leo kanisani ni kwa wanaosali. Mama akauliza kama tunaweza kusali. Tungeweza, ila basi lilikuwa linaondoka kabla ya ibada kuisha. Mama hakusema kitu, akakaa kwenye benchi akaliangalia kanisa kwa nje mpaka muda ukaisha. Hiyo iliniuma sana na bado inaniuma, kwa sababu kuna treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo mpaka Windsor, kama saa moja hivi, ningempeleka mwenyewe Jumatatu kwa hela kidogo (Jumanne na Jumatano usiende, ngome inafungwa).

Stonehenge sasa, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara. Barabara ina foleni, tena magari yanatambaa mpaka mawe unayaona dirishani kabla hujafika. Ukifika bado hujafika, unashukia kituo cha wageni halafu unapanda basi dogo kama kilomita 2 hivi. Tulipewa saa moja na robo jumla, ukitoa foleni ya choo na ya basi dogo tukabaki na dakika kama 35 mbele ya mawe. Lakini jamani, zile dakika 35! Kuna upepo pale unaopita koti na sweta ukafika mfupani, kondoo wamejaa uwandani, na mawe yamesimama tu. Kuyagusa hairuhusiwi, kuna kamba, unazunguka kwa nje. Upande mmoja kamba inasogea karibu, hapo ndipo nikaona ukoga wa kijivu na wa njano umelishika jiwe lote kama viraka, na kunguru wadogo wanaingia na kutoka kwenye nyufa, ndiyo nyumbani kwao. Makubwa yale yana wastani wa tani 25 na yalisimamishwa miaka kama 4,500 iliyopita, madogo yametoka milima ya Wales, zaidi ya kilomita 200, na mwaka 2024 watafiti wakatangaza kwamba lile lililolala katikati limetoka kaskazini kabisa huko Scotland. Mama akasema, "Mwanangu, hawa walibeba kwa mabega?" Nikamwambia hakuna anayejua kwa uhakika. Akatikisa kichwa, akarudi kuyaangalia, tukawa wa mwisho kupanda basi na watu wakatuangalia vibaya, sijali.

Bath tuliifikia saa kumi jioni na jua la Oktoba halikawii. Mji mzuri, majengo yote rangi ya asali, ila kwa goti la mama na muda tuliopewa tuliona bafu za Warumi tu. Maji yanatoka ardhini kwa nyuzijoto kama 46, mvuke unapanda, rangi yake kijani kwa sababu bwawa halina paa siku hizi na mwani unaota kwenye mwanga. Usiingize mkono. Ila mwishoni wana bomba la maji yaliyosafishwa, unaonja bure, ya uvuguvugu yana ladha ya chuma, mama alionja akasema kama kisima cha chumvi cha kwao. Alifurahi hapo, nilimuona.

Tukarudi London saa tatu usiku, miguu yake imevimba. Kwa ile ziara natoa nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za dereva, alimshusha mama mlangoni kila kituo bila kuombwa.

Jumanne tukatoka wenyewe. Basi la kawaida tulilipa pauni 1.75, unagusa kadi ya benki tu, na ndani ya saa moja ukibadilisha basi hulipi tena. Mama alikaa ghorofa ya juu kiti cha mbele kabisa, akaiona London yote bila kuumiza goti. Westminster Abbey, kanisa kubwa la London alipozikwa Livingstone, kiingilio kilikuwa kama pauni 30, ni ghali, lakini hapa sijutii hata senti. Kaburi la Livingstone liko sakafuni katikati ya kanisa, jiwe jeusi, watu wanapita juu yake. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Nikamtafsiria mama. Akauliza, "Mikono ya nani? Majina yao yako wapi?" Hayapo pale. Susi na Chuma, watumishi wake, na wenzao waliobeba ule mwili miezi mingi kutoka Chitambo alikofia, Zambia ya leo, mpaka pwani, wameandikwa "mikono". Mwenzao Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na jeneza na kuwepo kwenye mazishi, Aprili 18, 1874, naye jina lake halipo kwenye jiwe. Mama akainama taratibu na goti lake, akaita majina yote matatu kwa sauti ndogo: Susi, Chuma, Jacob. Tukakaa viti vya pembeni karibu saa nzima, na hakuna aliyetuambia basi linaondoka.

Kwa mnaokwenda: Abbey nayo Jumapili haiingizi watalii, nunua tiketi mtandaoni mapema, na mzee akichoka ndani viti vipo vingi. Kampuni ya basi nimewaandikia kuhusu ile Jumapili mara mbili, wakijibu nitaongeza hapa.