Uzoefu wangu: matone ya selamektini kwa sungura mchanga mwenye utitiri

Kwenye boksi kuna picha ya paka. Ukisoma karatasi ya maelezo kutoka mwanzo hadi mwisho utakutana na paka na mbwa tu, sungura hatajwi hata mara moja. Anayenunua selamektini kwa ajili ya sungura alijue hilo mapema: dawa imesajiliwa kwa wanyama wale wawili, na madaktari wa mifugo huwapa sungura kwa uamuzi wao wa kitaalamu, wakipiga hesabu ya dozi kwa uzito wa mnyama. Kwa Tunu wangu, sungura ambaye alikuwa bado hajakomaa, imefanya kazi nzuri. Naipa nyota nne kati ya tano.

Tunu alianza kutoa mba mgongoni, katikati ya mabega na karibu na mkia. Manyoya ya sehemu hizo yalikuwa yakivutika kidogo tu yanatoka kwa mafungu, na ngozi ya chini ilikuwa nyekundu kiasi. Cha ajabu, hakuwa anajikuna sana. Aliyekuwa anajikuna ni mimi: nilitokwa na vipele vidogo mikononi na kifuani, pale pale ninapompakata. Nilipomweleza daktari hivyo alitabasamu, kana kwamba nimemtegulia kitendawili kabla hajamgusa mnyama.

Alichukua kipande cha selotepu, akakibandika kwenye ngozi ya mgongo, akakivuta na kukibandika juu ya kioo cha hadubini. Basi. Hakukuwa na damu wala dawa ya usingizi. Nilichungulia nikawaona: wadudu wenye miguu minane na vikulabu viwili vikali mdomoni. Kitaalamu ni Cheyletiella parasitovorax. Utitiri huu hauchimbi ndani ya ngozi kama ule wa upele. Unaishi juu juu, na unapotembea husukuma magamba ya ngozi, ndiyo maana mba inaweza kuonekana kama inasogea yenyewe. Kwangu kipimo hiki kina thamani kuliko dawa yenyewe. Sungura wadogo hupata pia choa, ambao ni ukungu, nao huacha mabaka yasiyo na manyoya, mara nyingi puani, kwenye kope, masikioni na miguuni. Selamektini haiui ukungu. Ungeweza kumdondoshea mwezi mzima huku choa kikienea kwake na kwako. Daktari alichukua pia manyoya machache ya kuotesha maabara ili kuondoa shaka, na ukungu haukuota.

Kisha akafungua mdomo wa Tunu na kukagua meno. Nilidhani amehamia mambo mengine, kumbe sivyo. Sungura wengi huwa na utitiri huu kwa kiasi kidogo bila dalili yoyote, kwa sababu hujisafisha kila siku na kuumeza. Ukiona umeongezeka ghafla, kuna kinachomzuia kujisafisha au kinachopunguza nguvu zake: meno yaliyorefuka vibaya, unene, maumivu ya mgongo, au msukosuko wa kuachishwa kunyonya na kuhamishwa. Meno ya Tunu yalikuwa salama, na alikuwa ametoka kuhamishwa, kwa hiyo tukaishia hapo.

Kuidondosha ni rahisi. Unayatenga manyoya nyuma ya shingo, pale ambapo ulimi wake haufiki, mpaka uione ngozi, ndipo unabinya kichupa. Ikibaki juu ya manyoya umeipoteza. Ina harufu kali ya spiriti, na manyoya ya hapo hugandamana kwa muda. Kama ana mwenzake, watenganishe mpaka pakauke, maana sungura hulambana, na huyo mwenzake naye atibiwe hata kama hana mba.

Baada ya dozi ya kwanza usitarajie muujiza. Mba iliendelea kumwagika, kwa sababu wadudu wakifa ngozi iliyoharibika bado inajibambua. Mayai nayo hubaki, ndiyo maana dozi hurudiwa baada ya wiki kadhaa kwa ratiba ya daktari. Kufikia dozi ya pili manyoya mapya laini yalikuwa yameanza kuota, na vipele vyangu vilikuwa vimeondoka vyenyewe bila mimi kupaka chochote. Sambamba na dawa nilitupa matandiko yote, nikafua vitambaa vyake kwa maji ya moto na kusafisha nyufa za banda, kwa kuwa utitiri huu unaweza kuishi zaidi ya wiki nje ya mwili wa mnyama.

Mbadala ni sindano ya aivamektini, ambayo hufanya kazi pia. Ila ile ya asilimia 1 inayotumika kwa ng'ombe ni kali mno kupimiwa nyumbani: dozi ya sungura wa nusu kilo haifiki hata tone moja. Dawa ambayo haifai kabisa ni ya matone yenye fipronili, ile ya viroboto vya mbwa na paka. Kwa sungura, hasa wachanga, imesababisha degedege na vifo. Vichupa vinafanana, kwa hiyo soma jina la kiambato, usiangalie rangi ya boksi. Kumwogesha nako sipendekezi. Manyoya yake hukauka polepole, anapata baridi, na akirusha mateke kwa hofu anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya vipimo. Vichupa hujazwa kulingana na uzito wa paka na mbwa, hivyo huwezi kukibinya chote na kuondoka. Inabidi daktari akupimie kiasi chako kwa bomba la sindano. Na kwa sungura anayekua, kipimo cha mara ya kwanza hakifai mara ya pili. Tunu aliongezeka uzito katikati ya dozi mbili, ikabidi awekwe tena kwenye mizani na hesabu ipigwe upya.