Bendera tatu au hali moja?

Ukurasa wetu wa bei za mahindi hufunguliwa na wafanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda, kwenye simu ambazo mtandao huja na kukatika. Data ikiwa bado njiani, msimbo, yaani maagizo yanayoendesha ukurasa, unaweza kuifuatilia kwa njia mbili.

Ya kwanza ni bendera tatu za ndiyo au hapana: inapakia, imefika, imeshindwa. Ni rahisi kuanza nayo. Lakini bendera tatu huzaa michanganyiko 8, na yenye maana ni 4 tu. Niliwahi kusahau kuzima moja ombi lilipokwama. Mduara wa kuonyesha kwamba data inapakia ukaendelea kuzunguka juu ya maneno "Imeshindikana, jaribu tena". Mama mwenye magunia mpakani hakujua asubiri au abonyeze.

Ya pili ni kigeu kimoja, yaani nafasi moja ya kuhifadhi thamani, chenye hali nne: bado, inapakia, imefika, imeshindwa. Hali mbili haziwezi kukutana, kwa hiyo kosa lile halina pa kupenyea. Mistari ya msimbo huongezeka kidogo mwanzoni, basi. Mimi nachagua hii. Ila mtu akiomba bei mpya, usizifute za zamani. Ziache zionekane pamoja na saa zilipopokelewa, mpaka mpya zifike.